Mwaka mmoja nje ya Kigoma na watoto: fedha zitoke wapi, zikae wapi

Swali la msomaji, mwalimu wa sekondari ya serikali katika Manispaa ya Kigoma Ujiji:

"Mimi na mume wangu tunataka kuchukua mwaka mzima, kuanzia Januari 2029, tutoke na watoto wetu watatu tuizunguke nchi. Kwetu ni Muheza. Yeye ni wa hapa hapa Ujiji, ila dada yake ameolewa Songea. Watoto hawajaiona bahari, na bibi yao wa Muheza wanamjua kwa sauti ya simu tu. Mkubwa yuko darasa la pili, wa kati yuko awali, mdogo ana miaka miwili. Tumeorodhesha mikoa kumi na moja, kila mmoja wiki nne hivi. Mshahara unaonifikia mkononi ni laki sita na nusu. Mume wangu ananunua dagaa Kibirizi, anaanika na kuwauzia wafanyabiashara wa Dar. Ukichanganya miezi mizuri na mibaya anapata kama laki tano. Nyumbani tunatumia laki saba na themanini, tunaweka akiba laki moja na nusu, zinazobaki sijui zinakwenda wapi. Akiba iliyopo ni shilingi 3,800,000 na tumebakiza miezi 30. Walimu wenzangu wananishauri nikope benki milioni 15 kwa mshahara wangu. Ndugu wengine wanasema tufungue grupu la michango kama la harusi. Tufanyeje? Na mama mkwe, ambaye tunaishi naye, tumwambie sasa au tusubiri?"

Jibu:

Mwalimu, nianze na mkopo, maana hilo ndilo jambo unaloweza kulisaini wiki ijayo kisha ukalijutia mpaka mwanao wa kati amalize shule ya msingi. Usikope.

Mkopo wa mtumishi unalipwa kwa kukatwa kwenye mshahara kabla haujakufikia. Ukiwa kwenye likizo bila malipo hakuna mshahara wa kukata, ila deni linaendelea kudai kila mwezi. Tuchukue mfano wa mkopo unaouchukua mnapoondoka, kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka kwenye salio linalopungua, kwa miaka mitano. Rejesho la milioni 15 linakuja kama shilingi 357,000 kwa mwezi. Miezi 12 mtakayokuwa nje ni shilingi 4,284,000, na hizo utazilipa kutoka kwenye mkopo huo huo, kwa sababu hamna pengine pa kuzitoa. Kwa hiyo katika milioni 15, fedha ya safari hasa ni kama milioni 10 na laki saba, kabla hujatoa bima ya mkopo na ada za benki. Mkirudi, miaka minne mfululizo mshahara wako wa laki sita na nusu utakufikia ukiwa chini ya laki tatu. Mpaka mwisho utakuwa umeilipa benki zaidi ya milioni 21. Na kwa kuwa utaratibu wa serikali unataka mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake, nafasi yako ya kukopa itakuwa imekwisha pale ambapo paa linavuja au mtoto anahitaji kupelekwa hospitali ya Bugando, Mwanza.

Wanaokushauri wana nia njema. Wanaufananisha mwaka huu na kiwanja au bati, vitu ambavyo watu hukopa huku mshahara ukiendelea kuingia. Safari yenu inauondoa mshahara wenyewe. Fedha yake lazima iwepo kabla hamjafunga begi, au itoke kwenye kitu kinachoendelea kuzalisha nyinyi mkiwa hampo.

Grupu la michango nalo liacheni. Mchango wa harusi una utaratibu wake: waliochangiwa jana wanachanga leo, na kila mtu ana daftari lake kichwani. Msiba vilevile. Safari ya kupumzika haimo katika utaratibu huo, na atakayewachangia atatarajia kuwaona kwenye shughuli yake, wakati nyinyi mtakuwa Songea. Kuna kitu kingine ambacho ndugu wanaweza kutoa kwa moyo mweupe na chenye thamani kubwa kuliko elfu hamsini. Wifi yako wa Songea mwombeni awatafutie chumba na sebule kwa bei ya wenyeji, aongee na mwenye nyumba yeye mwenyewe kabla ninyi hamjaonekana. Bibi wa Muheza mwombeni aulizie nafasi za watoto shuleni. Kuwa na mwenyeji wa kuwatangulia kunapunguza gharama kuliko mchango wowote.

Sasa, kiasi gani kinahitajika. Kabla ya hesabu naomba mbadilishe ramani. Mikoa kumi na moja kwa wiki nne nne ni mpango wa gharama kubwa, na watoto watakuwa nje ya shule mwaka mzima. Mtoto aliyeandikishwa shule ya msingi kutokwenda shule ni kosa ambalo mzazi anaweza kushtakiwa nalo. Wewe unalijua hilo kuliko mimi. Tena hakuna mwenye nyumba wa kuwapa chumba kwa wiki nne. Mtaishia gesti, watu watano, vyumba viwili, chakula cha kununua. Akiba ya miaka itaisha kwa miezi mitatu.

Angalia hivi. Mwaka wa shule una mihula miwili, Januari hadi Juni na Julai hadi Desemba. Wenye nyumba nao, hata wilayani, wanapenda kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Viwili hivyo vinakwenda sambamba, vitumieni. Kaeni muhula wa kwanza Muheza, muhula wa pili Songea, na kuzunguka kwenyewe kuwe wakati wa likizo. Mnatoka Kigoma katikati ya Desemba 2028 kupitia Mwanza, Singida, Arusha na Moshi, mnaingia Muheza kabla shule hazijafunguliwa. Likizo ya Juni mnashuka Dar, mnavuka Zanzibar, mnapita Lindi na Mtwara, kisha mnakata kwenda Songea. Mwisho wa mwaka mnarudi kwa Njombe, Mbeya, Sumbawanga na Mpanda. Mikoa yenu mnaipata karibu yote, na watoto wanasoma kwa uhamisho wa kawaida, namba zao za usajili wa wanafunzi (PReM) zikiwafuata. Mkubwa atakuwa amemaliza upimaji wa darasa la nne mwishoni mwa 2028, anaingia la tano, mwaka usio na mtihani wa taifa. Mmeuchagua mwaka vizuri sana, kama mlipanga au mlibahatisha. Ukiuahirisha, fikiria upya suala hilo kwanza.

Nauli ndiyo inayoogopesha watu, kumbe si kubwa hivyo. Mzunguko niliouchora ni karibu kilomita 5,000 za barabara. Nauli elekezi ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, iliyotangazwa Desemba 2023 ilikuwa shilingi 48.47 kwa kilomita kwa basi la kawaida na 67.84 kwa daraja la kati. Kwa siti nne, mdogo akiwa wa kupakatwa au wa kubanana, daraja la kati linakuja kama shilingi 1,357,000 mwaka mzima. Andikeni 1,400,000, mzipime tena na nauli ya siku hiyo. Boti ya Zanzibar na mizigo itafidiwa kwa sehemu na safari fupi mtakazopanda basi la kawaida.

Kinachokula fedha ni siku za kawaida. Katika hesabu zenu nimeweka shilingi 550,000 kwa mwezi za chakula, dawa, simu na mengineyo. Ni chini ya laki saba na themanini za sasa kwa sababu mama mkwe nimemtenga kwenye fungu lake, na kwa sababu Muheza na Songea vyakula vya shambani ni rahisi. Miezi 12 ni 6,600,000. Kodi ya chumba na sebule 70,000 kwa mwezi ni 840,000. Magodoro, jiko na vyombo vya kuanzia, 400,000. Pamoja na nauli, fungu la njiani ni shilingi 9,240,000.

Familia nyingi ninazozisaidia kupanga huishia hapo, na ndiyo sababu hurudi zikiwa na madeni. Kuna fungu la nyumba inayobaki. Mama anakula, anaumwa, anahitaji mtu wa kumsaidia maji: 180,000 kwa mwezi, yaani 2,160,000. Ongezeni 600,000 za bima na matibabu ya watu wote. Bima usiipite haraka. Mchango wa mtumishi kwenye NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, ni asilimia 3 kutoka kwako na 3 kutoka kwa mwajiri, na vyote viwili vinahesabiwa kwa mshahara wako. Mshahara ukisimama, kadi za familia nazo zinaweza kusimama. Nendeni ofisi zao za mkoa muulize kwa maandishi mwezi ule ule utakapoomba likizo, mjue mtajiunga kwa njia gani na kwa kiasi gani. Kama bado unakatwa asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo ya wanafunzi, waulize na wao.

Kisha fungu la kurudi. Mtafika Kigoma Desemba, mshahara wako utahitaji muda kurudishwa kwenye mfumo, shemeji, yaani mume wako, atakuta wateja wamezoea mtu mwingine, na Januari ni sare, madaftari na viatu. Wekeni miezi mitatu kamili ya matumizi, 2,340,000, na mtaji wa kuanzia upya Kibirizi, 1,500,000. Fungu hili likiguswa mkiwa njiani, safari imekwisha, mnakata tiketi ya kurudi. Naomba muwe wakali hapo.

Jumla ya mafungu yote ni shilingi 15,840,000. Vitakavyoingia mkiwa nje: vyumba viwili vya uani mkivipangisha kwa 35,000 kila kimoja ni 840,000 kwa mwaka, na gawio la biashara ya Kibirizi nimelikadiria 150,000 kwa miezi tisa, 1,350,000. Kinachobaki kutafutwa ni 13,650,000. Mnazo 3,800,000. Pengo ni 9,850,000, na kwa miezi 30 ni kama shilingi 328,000 kwa mwezi. Sasa hivi mnaweka 150,000.

Rudi kwenye barua yako. Mapato laki kumi na moja na nusu, matumizi laki saba na themanini, akiba laki moja na nusu. Zile ambazo hujui zinakwenda wapi ni shilingi 220,000 kila mwezi. Kwa miezi 30 ni milioni 6 na laki sita. Mnachopungukiwa ni laki moja na elfu sabini na nane kwa mwezi. Fedha ya safari yenu tayari inapita mikononi mwenu, Mwalimu, inachovywa kidogo kidogo. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Inachovywa wapi? Daftari la mwezi mmoja litakuonyesha, ila kwa nyumba kama yenu naweza kukisia sehemu mbili kubwa.

Ya kwanza ni kadi za michango. Mwalimu wa serikali anakaa kwenye magrupu ya shule, ya mtaa, ya waliosoma pamoja, ya msikitini au kanisani, ya ukoo. Wekeni kiwango cha mwaka, kwa mfano 360,000, na mkubaliane wawili: msiba na ugonjwa kwanza, harusi za ndugu wa damu pili, kitchen party na send-off za watu wa mbali mnawatakia heri. Mkimaliza kiwango cha mwaka mmemaliza. Watu wataelewa mkianza mapema na mkiwa na msimamo ule ule kwa wote.

Ya pili ni kubwa zaidi, nayo iko Kibirizi. Dagaa wetu wanavuliwa usiku kwa taa, kwenye giza la mwezi. Wakati wa giza vipe, vyombo vya kuvulia dagaa, vinarudi alfajiri, shemeji ananunua, anaanika juani, na jua likiwa zuri anashika fedha karibu kila siku. Mbalamwezi ikiingia vipe vinakaa pwani, watu wanashona nyavu, na nyumba inaanza kula mtaji bila kujua kwamba ni mtaji. Giza linalofuata anaanza na fedha pungufu, ananunua kidogo, au anakopa kwa riba ya mtaani ili ajazie. Hapo ndipo laki zenu zinapokwenda. Dawa yake ni kwamba akiba ya shemeji isisubiri mwisho wa mwezi kama yako. Siku ya mwisho ya giza akae chini na daftari: mtaji wote anaurudisha pembeni kwanza, faida inayobaki anaitoa sehemu ya safari siku hiyo hiyo kabla mbalamwezi haijaanza, na iliyobaki ndiyo ya nyumbani mpaka giza lijalo. Mtaji usikae kwenye simu anayolipia vocha na soda. Uwe na laini yake au akaunti yake.

Na msisahau miezi ambayo hamna kitu kabisa. Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Nyumba ya Kibirizi isiyokuwa na akiba ni rahisi kuingia kwenye mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, katika miezi kama ile mitatu. Ndiyo maana gawio nimelihesabu miezi tisa. Masika pia dagaa wakinyeshewa kwenye chanja au mchangani bei inaanguka, kwa hiyo msimwekee shemeji lengo moja la kila mwezi. Mwekeeni la mwaka.

Fedha ziwekwe wapi? Laki tatu za kila mwezi msizipeleke sehemu moja.

Kikundi cha hisa au VICOBA ni kizuri kwa nidhamu. Unajua mambo yake: sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, kila mkutano fedha zinahesabiwa mbele ya wote, mwisho wa mzunguko mnagawana. Mzunguko unaovunjwa Desemba unawafaa, maana mgao wa Desemba 2028 unawakuta mnafunga mizigo. Pelekeni huko kama theluthi ya akiba ya mwezi, isizidi. Hakikisheni kikundi kimesajiliwa. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vikundi vya namna hii viko daraja la nne na usajili wake unapitia halmashauri. Na kuanzia Januari 2028 usimdhamini mtu yeyote. Mwanachama uliyemdhamini akishindwa kulipa, mgao wako ndio unaokatwa, nawe umeshalipia kodi Muheza.

Milioni 3.8 mliyonayo na sehemu kubwa ya akiba ya kila mwezi ningeipeleka kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, kampuni ya serikali, hasa Mfuko wa Ukwasi, ambao fedha yake ukiihitaji unaipata ndani ya siku chache za kazi. Miaka ya karibuni faida yake imekuwa juu ya asilimia 10 kwa mwaka, wakati mfumuko wa bei umekuwa karibu asilimia 3. Faida ya jana haimfungi mtu kesho, kwa hiyo katika hesabu za juu sikuiweka hata shilingi. Ikija, inaweza kuwaongezea kama milioni moja na nusu kwa miezi 30, na hiyo iwe ndiyo fedha ya dharura.

Mkipenda, sehemu yake nunueni hati za dhamana za serikali za siku 364. Kiwango cha chini ni shilingi 500,000, mnapitia benki yenu, mnalipa pungufu ya thamani yake na mwaka ukiisha mnapewa thamani kamili. Zinalingana na muda wenu. Zile hatifungani za miaka 20 na 25 ambazo kila mtu anazisifu sasa hivi ni nzuri kwa uzeeni. Kwa mtu anayetaka fedha yake baada ya miezi 30 zina hatari, kwa sababu ukiuza kabla ya muda unauza kwa bei ya soko la siku hiyo.

Hapa Kigoma mtashauriwa pia mpande michikichi. Ushauri mzuri kwa familia yenu, na mkiwa na shamba pandeni, lakini hata mche bora unahitaji kama miaka mitatu kuanza kuzaa. Usiingie kwenye hesabu za 2029. Kununua mawese wakati wa mavuno, kuyafungia vizuri kwenye madumu na kuyauza yakiadimika kunaweza kuwaletea kitu ndani ya muda huu, kwa fedha kidogo mliyo tayari kuiona imekaa.

Miezi sita ya mwisho kusanyeni kila kitu karibu, benki. Bodi ya Bima ya Amana inamkinga kila mwenye akaunti hadi shilingi 7,500,000 kwa benki moja, kwa hiyo gawanyeni: yako benki moja, ya shemeji benki nyingine. Inasaidia pia mmoja akipoteza kadi mkiwa Lindi.

Kibirizi atabaki nani? Kama ni mdogo wake shemeji, waandikiane. Mtaji anaoachiwa kiasi gani, gawio kila giza kiasi gani, hasara ya mvua inabebwa na nani. Mtu wa tatu ashuhudie. Wafanye kazi hivyo tangu 2027, shemeji akiwa bado yupo, ili mwaka wa safari usiwe wa kujifunza. Akiweza kuwatumia gunia la dagaa kwa basi kila baada ya muda, Muheza na Songea mtawauzia majirani na walimu wenzako wa huko; dagaa wa Kigoma hawahitaji kutangazwa. Fedha hiyo ihesabiwe baada ya kuingia.

Kazi yako ilinde. Likizo bila malipo ni ruhusa, si haki, na mwajiri anaweza kuikataa. Andika barua kupitia kwa mkuu wa shule kwenda kwa mkurugenzi wa manispaa mapema mwaka 2028, ukieleza tarehe za kuondoka na kurudi, na usiondoke bila jibu la maandishi mkononi. Kutokuwepo kazini siku tano tu bila ruhusa kunatosha kukufungulia shauri la nidhamu. Nauli ya likizo ambayo mtumishi hupata kila baada ya miaka miwili, pangeni iangukie Desemba 2028 kama zamu yako inaruhusu, ila msiiweke kwenye bajeti mpaka ionekane kwenye akaunti. Na kama umewahi kutaka kusoma shahada ya uzamili, fikiria ruhusa ya masomo: mshahara unaendelea, familia inahama na wewe, ni mwaka wa namna nyingine kabisa lakini watoto wataiona nchi. Usiombe masomo kama kisingizio tu. Mzigo wa kusoma kitu usichokitaka huku ukilea watoto watatu ugenini ni mkubwa.

Likizo ya Desemba hii fanyeni jaribio. Pandeni treni mpaka Tabora na watoto wote, tafuteni chumba kwa mtu mnayefahamiana naye, kaeni wiki tatu, pikeni wenyewe, andikeni kila shilingi. Bajeti niliyowapa, kodi ikiwemo, ni kama shilingi 21,000 kwa siku kwa watu watano. Mkitumia elfu thelathini, mtajua pengo lenu la kweli mkiwa na muda wa kulirekebisha. Mtajua pia kama mdogo analala sehemu ngeni, na kama nyinyi wawili mnaelewana mkiwa chumba kimoja na watoto wanaolalamika. Hayo nayo ni gharama.

Na ikitokea akiba haikufika? Basi nendeni muhula mmoja, Muheza peke yake. Kwa hesabu hizi hizi, fungu la kurudi likiwa kamili, nusu mwaka inahitaji milioni 9 na ushee. Hata mkiendelea na laki moja na nusu mnazoweka sasa, mtakuwa na milioni 8 na laki tatu, na faida ikiwa kama ilivyokuwa, pengo hilo linazibika. Watoto wataiona bahari na bibi yao kwa namna yoyote. Kinachoamuliwa na daftari la mwezi ujao ni kama wataiona na Songea.

Mama mkwe mwambieni sasa. Aambiwe na mwanae, wakiwa wawili, kabla hajasikia kwa majirani. Ana mambo matatu ambayo hesabu yenu haiwezi kuyajaza bila yeye: anataka nani alale naye humo ndani mwaka mzima, anakubali wapangaji uani au la, na kama angependa kwenda nanyi hata mwezi mmoja, hasa ule wa Songea kwa binti yake. Akitaka, ongezeni siti ya tano kwenye nauli, na kwa mwezi huo punguzeni fungu lake la Ujiji.